Korongo Wachagua Kwanza

Kuna timu za hoki ya barafu zinazoshinda, kuna zinazoshindwa, halafu kuna Korongo wa Laeken, huko Brussels. Msimu ule walicheza mechi ishirini wakafungwa kumi na nane. Moja walitoka sare, na iliyobaki wapinzani hawakutokea kwa sababu basi lao lilizimika njiani. Mashabiki waliihesabu ile ya basi kuwa ushindi halali na wakainywea bia.

Ligi yao ni ndogo, ina timu nne tu, na ina kanuni moja ya huruma. Kila mwezi wa tano vijana wanaomaliza shule ya hoki kule Anderlecht hugawiwa timu hizo, wawili wawili, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza. Korongo walikuwa wamechagua kwanza miaka saba mfululizo. Kwa hiyo Brussels nzima usingeweza kupata watu waliobobea katika kubishana juu ya vijana kama mashabiki wa Korongo. Wenzao hubishania makombe. Wao walibishania nani aletwe awaokoe, na kila aliyeletwa alizama pamoja nao.

Miongoni mwa mashabiki hao alikuwemo papa Rigobert, mtu wa Bukavu, huko Kivu, Kongo, umri wake miaka hamsini na sita, dereva wa ile mashine nzito inayopita juu ya barafu kuilainisha wakati wa mapumziko. Huko kwao barafu aliyoijua ni ya kwenye friji, tena umeme ukiwepo. Alipopata kazi ile, miaka kumi na moja iliyopita, alianza kutazama mechi kwa sababu tu hakuwa na pengine pa kukaa akisubiri zamu ya mashine. Mapenzi yakamwingia kama mafua, hata leo hajui ni siku gani.

Lakini watu wa Kivu wa mji ule hawakumjua kwa hoki. Walimjua kwa mdomo wake. Kijana akitaka kuoa, familia humtafuta papa Rigobert awe msemaji siku ya mahari, ambayo wao huiita dot. Alikuwa na uwezo wa kumsifu kijana asiye na kazi wala adabu mpaka shangazi za binti wakatoa machozi. Na upande wa binti ndiko alikokuwa bingwa zaidi, kwa maana huko lazima kwanza ukatae. "Binti gani? Hapa hakuna binti. Yuko mmoja, lakini hata ugali unamushinda, muende kwa jirani." Wote ukumbini wanajua kwamba si kweli. Wageni wanabisha tena, wanakataliwa tena, wanabisha mara ya tatu, ndipo mlango unafunguka na vigelegele vinapigwa. Muda wote huo baba mzazi hasemi neno zuri hata moja juu ya mwanawe. Anatazama viatu vyake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na baba anayemsifu binti yake mbele za watu anamnadi kama mbuzi mgonjwa. Hivyo ndivyo Rigobert alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyoamini.

Sasa, Rigobert ana binti. Anaitwa Jémima, kitinda mimba, aliyezaliwa hukuhuku Brussels. Alipofika miaka kumi na minne aliingia kitandani akakataa kutoka. Hakuwa na homa. Madaktari walimpa vidonge, kanisa likampa maombi, na Viviane, mama yake, ambaye kutwa nzima huwalisha wazee wa watu kwenye makao ya wazee, alirudi nyumbani jioni kumlisha uji mtoto wake mwenyewe kwa kijiko. Ikaenda hivyo miezi mitano. Siku moja ya likizo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kubaki naye, Rigobert alimvika makoti mawili akaenda naye kazini, akamkalisha kwenye benchi. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi na kipa wao hakuja. Mwalimu akasema mtu yeyote anafaa, mradi ajaze lango. Wakamfunga Jémima mapedi ya kipa ya kukinga miguu, makubwa kuliko yeye, wakamsukuma kule.

Alitoka na jeraha kwenye kiwiko akauliza kama kuna chakula. Jioni ile Viviane alilia kwa sababu ya sahani ya wali iliyolambwa ikawa nyeupe.

"Papa," Jémima alimwambia baba yake baadaye, walipokuwa kwenye metro, "nikiwa pale kwa lango, kichwa inanyamaza."

Tangu siku hiyo miaka minne ilikuwa imepita. Lakini shule ile hufundisha mpaka miaka kumi na minane tu. Ukifika hapo, ama timu ikuchukue, ama uiage barafu. Mwaka huo vijana walikuwa kumi na mmoja kwa nafasi nane. Timu tatu za juu zilikuwa na makipa wao, wanaume wenye vifua kama makabati, na hazikuhitaji mwingine. Korongo pekee ndio walikuwa wanatafuta kipa, maana wa kwao alikuwa ametimiza miaka arobaini na minne na magoti yake yalikuwa yamemwomba ruhusa. Kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja tu, na Rigobert alikuwa na kiti ndani ya mlango huo. Kocha wa Korongo alikuwa fundi bomba asiye na muda wa kuzungukia vijana. Orodha iliandikwa na kamati ya mashabiki, naye alitia sahihi.

"Uko ndani ya comité, papa," Jémima alimwambia wiki moja kabla ya kikao. "Mutanisemea, eh? Ba timu ingine habana place."

"Itasemwa, mama," Rigobert alimjibu bintiye. "Lala."

Rigobert hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifanya kama inavyopasa. Alienda Saint-Josse akanunua kilo moja ya kahawa ya Kivu kwenye duka analoliamini, akavaa koti la suti, akapanda tramu mpaka kwa maman Gilberte huko Laeken. Gilberte alikuwa katibu wa kamati, mama Mbelgiji wa miaka sabini na tisa aliyekwenda Bukavu akiwa msichana wa misheni, akafundisha huko miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la barabara za kule. Hoki aliirithi kwa kaka yake marehemu, aliyewahi kuwa kipa wa Korongo enzi ambazo nazo walifungwa.

"Maman Gilberte," Rigobert alisema huku akiiweka kahawa mezani kwa mikono miwili, "mi siwezi kusema juu ya mutoto wangu. Unajua desturi yetu. Ni weye njo utasema."

"Najua sana," Gilberte alijibu, na uso ukamng'aa kwa kuheshimiwa. "Nitasema vile banasemaka kwa dot. Usiogope, papa Rigobert."

Basi Rigobert akarudi nyumbani mwepesi. Msemaji amepatikana, zawadi imepokelewa, jambo limekwisha. Alifikiri hivyo.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nane mchana, kwenye mgahawa mdogo unaotazama barafu kupitia kioo. Walikuwa sita. Mwenyekiti alikuwa Willem, dereva mstaafu wa tramu, mtu mwenye moyo safi na sauti ya kengele. Astrid alikuwa na daftari ambamo kila shuti la kila kijana liliandikwa, na asingeweza kukudanganya hata ungemlipa. Kisha Gilberte na kalamu yake, Rigobert na koti lake la suti, na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kuagiza viazi vya kukaanga na kuunga mkono. Walizungumza Kifaransa, nami nakiweka hapa kwa lugha yetu.

"Maarten!" Willem alianza kabla hata bia hazijafika. "Beki. Mita moja na sentimita tisini na sita! Yule akisimama tu, nusu ya lango imefungwa."

"Akisimama, sawa," Astrid alisema. "Shida ni akigeuka. Mwezi wa pili alianza kugeuka katika kipindi cha kwanza, akamaliza katika cha tatu."

"Atajifunza."

"Hivyohivyo ulisema kwa yule wa mwaka juzi."

"Yule aliogopa palet," mzee mmoja alikumbuka, akimaanisha kile kidonge kigumu cheusi wanachokipiga kwa fimbo. "Beki anayeogopa palet ni sawa na mwokaji anayeogopa unga."

"Na wa mwaka jana alihamia Hispania. Alisema anatafuta jua."

Wakainua glasi kwa heshima ya wote waliokuja na kuondoka. Walibishana kwa dakika arobaini juu ya Maarten, wakamtukana na kumpenda, wakachora njia zake mezani kwa chumvi. Ukiwasikia ungedhani mji mzima ulikuwa unasubiri nje ya mlango. Nje hakukuwa na mtu. Mechi ya mwisho ya Korongo ilikuwa na watazamaji kumi na wanne, na mmoja wao aliingia kwa kukosea njia. Mwishowe Maarten akapita kwa kura nne, chaguo la kwanza.

"Sasa kipa," Willem alisema.

Majina yalikuwa mawili, Dan na Jémima. Rigobert akavitazama viatu vyake.

Astrid akafungua daftari. "Dan, katika kila mashuti mia, anazuia themanini na nane. Jémima anazuia tisini na moja. Lakini Dan amecheza mechi nyingi zaidi."

"Kanuni zinaruhusu msichana?" mzee wa pili aliuliza.

"Zinaruhusu," Gilberte alisema, akaweka kalamu chini, akasimama. Alikuwa amejiandaa, hilo lazima lisemwe. Alieleza jinsi binti yule anavyofika nusu saa kabla ya wenzake. Alieleza siku aliyozuia mashuti hamsini na mawili na kidole kimevunjika, akakiuguza nyumbani bila kumlalamikia mtu. Alisema Korongo wamekuwa wakichagua watu warefu kwa miaka saba, labda sasa ni wakati wa kuchagua mtu anayependa. Rigobert, akiwa ameinamisha kichwa, alisikia moyo wake unapiga vigelegele peke yake. Hata yeye mwenyewe hangesema vizuri hivyo.

Willem alijikuna ndevu. "Mimi sina kipingamizi," alisema. "Kwa kweli naanza kumpenda." Kisha akamgeukia Rigobert kwa nia njema kabisa. "Rigobert, wewe unamwona kila siku kuliko sisi wote. Tuambie. Anaweza?"

Watu wote wakamtazama.

Alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kusema kwamba Jémima hufanya mazoezi ya magoti jikoni wakati viazi vinachemka. Angeweza kusema kwamba alfajiri moja alimkuta peke yake kwenye lango tupu, hakuna mtu anayempiga mashuti, anasogea kushoto na kulia mbele ya timu iliyokuwa kichwani mwake. Angeweza kusema, huyu mtoto alikuwa anakufa, barafu hii ikamrudisha, msimwondoe. Lakini alikuwa baba, na kikao kilikuwa kikao, na mlango ndio kwanza ulikuwa umebishwa. Mganga hajigangi. Akafanya kile ambacho baba yake angefanya, na babu yake. Akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa.

"Bado ni mtoto," alisema. "Wapo wanaompita."

Akakunja mikono, akangoja wabishe mara ya pili.

Hakuna aliyebisha. Astrid aliinua uso kutoka kwenye daftari lake kwa mshangao, kisha akaushusha. Rigobert akamtazama Gilberte. Sasa ndiyo zamu yake, aseme, "Jamani, baba anajishusha tu, msimsikilize." Gilberte naye alimtazama, kwa muda mrefu, macho yake yakiuliza kitu. Kisha akayainamisha, akachukua kalamu, akaandika.

"Asante," Willem alisema, na ilionekana ameguswa kwelikweli. "Asante kwa ukweli wako. Si baba wengi wanaoweza." Akaanza kupiga makofi, na wale wazee wawili wakamfuata.

Rigobert alifungua kinywa. Lakini utasema nini wakati watu wanakupigia makofi? Utasema ulikuwa unadanganya? Utaanza kumnadi mtoto wako saa hiyo, kama mchuuzi anayemkimbilia mteja? Ulimi ule ulioozesha nusu ya vijana wa Kivu ulilala mdomoni kama kipande cha nyama baridi.

"Wanaomtaka Dan?" Mikono minne ikainuka, ya Willem, ya Astrid, ya wazee.

"Wanaomtaka Jémima?"

Gilberte hakuinua mkono, kwa kumheshimu baba. Rigobert hakuinua mkono, kwa aibu ya kuwa peke yake upande wa mtoto wake. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini, na mwisho wa kupeleka orodha ulikuwa saa kumi na moja. Astrid akaituma kwa simu kabla sahani hazijaondolewa.

Kwenye kituo cha tramu Gilberte alimshika mkono.

"Papa Rigobert, nimeumia. Lakini nimeheshimu neno yako."

"Neno gani?"

"Ulisema mutoto haiko prêt, haiko tayari. Mi nikawaza, labda kwa nyumba mumekatala, labda maman Viviane hataki tena. Kule Bukavu nilifundishwaka vile. Baba akishasema, muntu mwingine anafunga kinywa."

Rigobert akasimama kama aliyepigwa kofi. Tramu ilikuja, ikafungua milango, ikaondoka bila wao.

"Maman Gilberte. Kule Bukavu uliingiaka mu dot ngapi?"

"Mingi."

"Na neno ya kwanza ya upande wa binti, ilikuwaka nini?"

Gilberte alitaka kujibu, akasita.

"Ilikuwaka hapana," alisema.

"Bon. Donc? Na mi nilisema nini?"

"Mungu wangu. Mungu wangu, papa Rigobert." Akatoa simu, akampigia Willem palepale. Alieleza, akaeleza tena, akataja Bukavu, akataja desturi. Rigobert alisikia sauti ya Willem ikitoka nje ya simu, si ya ukali, ya kuchoka tu. Orodha imeshaenda. Na hata isingeenda, mtu akisema hivi kikaoni na vile barabarani, wamwamini wapi?

Alifika nyumbani saa moja kasoro, jua bado lipo juu ya majengo ya Anderlecht. Njiani kote alikuwa akitunga namna ya kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno hayakuja. Hayakuhitajika. Gilberte alikuwa ameandika kumbukumbu za kikao kwa mkono, kwa uaminifu wa kimisheni, bila kuacha kitu. Astrid alizipiga picha, kama kila mara, akazitia kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki. Jémima alikuwa ndani ya kundi hilo tangu ana miaka kumi na minne.

Alikuwa ameketi mezani, simu mbele yake. Viviane alikuwa amesimama kando ya jiko na mwiko mkononi, sombe, ile mboga ya kisamvu, inaungua nyuma yake na hana habari.

"Jémima, kura sifuri," binti alisoma. Hakupandisha sauti. "Baba mzazi, bwana Rigobert, alipoulizwa, alisema bado ni mtoto, wapo wanaompita. Kamati ilimshukuru kwa ukweli wake." Akainua macho. "Papa, ni vile?"

"Mama, sikiliza. Siye njo tunasemaka vile. Muzazi hawezi kusifu mutoto wake. Unakatala kwanza, halafu bale bengine banasukuma, halafu..."

"Nani atasukuma, papa? Willem? Willem anajua dot ya Bukavu?"

"Nilitia maman Gilberte njo asukume. Nilipeleka na kahawa."

"Kahawa." Jémima alirudia neno hilo kama kitu alichookota sakafuni. "Donc tu le penses pas? Haukuwaza vile kweli?"

"Hapana! Mutoto wangu, hapana. Weye unapita bote!"

Hapo ndipo alipolisema. Jikoni, mbele ya watu wawili, muda wa karibu saa mbili baada ya orodha kuondoka. Jémima alimtazama kana kwamba anatafuta usoni mwake ni Rigobert yupi kati ya wawili anayesema kweli, yule wa kikaoni au huyu. Kisha akaizima simu.

"Bengine batano habanijue," alisema. "Weye unanijua."

Akaenda chumbani. Viviane akazima jiko. Akaikwangua sufuria iliyoungua mpaka Rigobert akadhani atanusurika.

"Ungeinua mukono tu, papa Jémima," alisema. "Mukono haisifu muntu. Mukono haisemi kitu."



Jumapili timu zikachagua. Korongo walimchukua Maarten na Dan. Nyingine zikachukua washambuliaji na mabeki, kama kila mtu alivyojua. Watatu wakabaki, wawili wavulana waliokuwa tayari wanafikiria mambo mengine, na Jémima. Mwisho wa mwezi wa sita shule ya hoki ilimpa cheti na kumpigia makofi. Makofi ya watu wale, nawaambia, ni ya kuogopwa.

Mapedi yalishuka kwenye chumba cha chini cha jengo, nyuma ya baiskeli zisizo na wenyewe. Jémima hakurudi kitandani kama zamani. Viviane alimwangalia kila asubuhi kwa hofu hiyo, na kila asubuhi alikuwa amevaa na ameondoka. Alipata kazi kwenye ghala moja, kupanga vifurushi. Alikula alichopewa. Alijibu alichoulizwa. Rigobert alijaribu mara nyingi kurudi kwenye jambo lile, akiwa na maneno mazuri aliyoyatunga juu ya mashine yake, akizunguka barafu tupu. Kila mara Jémima alimwambia, "Ça va, papa. Imeisha." Mwezi wa nane familia moja ya Uvira ilikuja kumwomba awe msemaji kwenye mahari ya binti yao. Aliwaambia ameacha. Wakacheka, wakabisha mara ya pili, wakabisha mara ya tatu, na wakashangaa kuona kwamba mzee alimaanisha.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, mchana, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Willem, ana jasho kwa sababu ya ngazi, kofia ya Korongo mkononi. Dan alikuwa amepata chuo Uholanzi na ameondoka na mifuko yake. Msimu unaanza baada ya siku kumi na tatu. Hawana kipa.

"Nimekuja kwa ajili ya Jémima," Willem alisema.

Rigobert alishika ukingo wa mlango. Mungu hajamtupa. Na safari hii hakutazama viatu. Alipanua kifua na akafanya kile ambacho hakuna baba wa ukoo wake aliyewahi kukifanya, akamsifu mtoto wake mbele ya mgeni, waziwazi, bila haya. Alisema hakuna kipa kama yeye katika ligi nzima. Alitaja tisini na moja kwa mia, alitaja kidole kilichovunjika, viazi vilivyochemka, lango tupu alfajiri. Alisema lile la mwezi wa tano lilikuwa upumbavu wake, kosa lake, aandike hivyo kwenye kumbukumbu na atie tarehe. Aliongea mpaka Viviane akatoka chumbani akiwa bado na sare ya kazi, akasimama na kiganja mdomoni. Willem alisikiliza kwa adabu ile tunayompa baba anayezungumza juu ya mtoto wake.

"Sawa, sawa," alisema. "Lakini wacha nimsikie mwenyewe."

Jémima alikuwa ameshafika nyuma yao, na soksi tu miguuni. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Willem kwa heshima, akauliza hali ya nyumbani kwake.

"Jémima, tunakuhitaji," Willem alisema. "Baba yako anasema unaweza. Wewe unasemaje?"

Alifikiri kidogo. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha Rigobert.

"Bado ni mtoto," alisema kwa Kifaransa kizuri, taratibu. "Wapo wanaompita."

Willem alimtazama, akaikunja kofia yake. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, alizaliwa hivyo na atazikwa hivyo. "Asante kwa ukweli wako," alisema, akawapa wote mkono, akaanza kushuka ngazi.

Rigobert aliijua kazi hii kuliko mtu yeyote Brussels. Hapana ya kwanza si hapana. Unabisha, unabisha tena, mlango unafunguka. Akamgeukia binti yake, akamshika mabega yote mawili.

"Mama, kubali. Nakuomba. Angali hajafika chini, nitamuita."

"Non, papa."

"Jémima, mutoto wangu, weye unajua kama unaweza."

"Hapana."

"Mara ya tatu nakuomba. Ya tatu, Jémima. Unajua maana yake."

Jémima akaitoa mikono ya baba yake mabegani, mmoja mmoja, kwa upole, kama Viviane anavyofanya na wazee wake.

"Hii haiko ya dot, papa," alisema. "Mi naisema sababu iko kweli."

Chini, mlango wa jengo ukafungwa. Jémima akarudi chumbani kwake, akavuta pazia, na Viviane akaenda jikoni kupasha uji, kijiko tayari mkononi.